Bado nachagua pangaboi: Dar hadi KIA kwa Q400

Nikikata tiketi, bei na saa huja baadaye. Swali langu la kwanza ni ndege gani itakayokwenda. Mwezi jana nilikuwa na safari ya Arusha, na siku hiyo kulikuwa na ndege mbili za Air Tanzania za kwenda KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro: asubuhi Airbus A220, jeti kabisa, na mchana Q400 yenye mapanga mawili nje. Nauli zilikaribiana. Nikachukua ya mchana. Shemeji yangu, aliyekuwa anisindikize uwanjani, akaniuliza kwa upole kama nimepungukiwa hela.

Dharau hii naijua. Kwa wengi wetu ndege ya pangaboi ni daladala la angani, kitu cha zamani kinachosubiri kustaafu. Wanasahau kwamba Q400 mbili zilizotua Dar Septemba 2016 ndizo zilizolifufua shirika, na A220 ya kwanza ikafika Desemba 2018. Tena zote mbili zimetoka nyumba moja, Bombardier ya Kanada. Ndiyo maana vijiweni kila ndege ya Air Tanzania tuliiita "bombadia". Kichekesho ni kwamba leo Bombardier haitengenezi hata moja kati ya hizo. A220 iko mikononi mwa Airbus, Q400 iliuzwa mwaka 2019 na sasa inabeba jina la De Havilland Canada, na tangu 2021 hazijaundwa mpya. Bombardier yenyewe imebaki na ndege za matajiri. Kwa hiyo hizi tulizonazo, tuzipande zingali zipo.

Nilichagua kiti cha dirishani upande wa kulia, safu za katikati, nyuma kidogo ya panga. Sikukichagua kwa kubahatisha. Bawa la Q400 liko juu ya dirisha, kwa hiyo hakuna kinachokuziba usione chini, na magurudumu makubwa hayatoki tumboni kama kwenye jeti, yanatoka kwenye kibanda cha injini. Ukikaa hapo unayaona yakifunguka mbele ya macho yako. Usikae sambamba na mapanga yenyewe kama hupendi mtetemo, maana pale unauhisi mpaka kwenye meno. Na begi lako la mkononi liwe dogo kweli. Makabati ya juu ya ndege hii hayana simile na mabegi ya magurudumu.

Viti ni viwili viwili, hakuna wa kubanwa katikati. Jirani yangu alikuwa mama mtu mzima anakwenda Moshi kumwona mjukuu, kikapu kakikumbatia. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akatazama nje na kuuliza, "Mwanangu, hili pangaboi likizima je?" Nikamwambia kuna jingine upande wa pili, na kwamba ndege hii imeundwa iweze kuendelea kuruka kwa injini moja, lile lililozima mapanga yake hugeuzwa ubavu ili yasishindane na upepo. Akanitazama kama anavyotazamwa fundi simu anayesema itakuwa tayari kesho.

Kuruka kwa Q400 ndiko kunakonimaliza. Kila injini ina nguvu za farasi zaidi ya 5,000, na ndege yenyewe si nzito kihivyo. Rubani akiachia breki unasukumwa kwenye kiti, na kabla hujamaliza dua, Kipawa iko chini yako. Halafu dakika chache baadaye likaja lile jambo ambalo nimeona likitisha watu kila safari: sauti ikashuka ghafla. Mama akanishika mkono. "Mbona limepungua?" Hapo ndipo nilipofurahi kuwa mpenda ndege. Wakati wa kuruka mapanga huzunguka mara 1,020 kwa dakika. Ikishapata mwinuko marubani huyapunguza hadi 900, na angani hadi 850. Ni kama dereva wa basi akishamaliza mlima wa Kitonga anabadilisha gia. Mfano wa Kitonga ukamwingia. Akauachia mkono, akachukua korosho zake.

Ukimya ndani si wa A220, tusidanganyane. A220 ina madirisha makubwa na ubaridi mtamu, na kwa Mwanza au nje ya nchi ningeipanda bila kufikiri mara mbili. Lakini injini zake za PW1500G zimesumbua mashirika mengi duniani: zimechakaa kabla ya wakati, foleni za karakana zikawa ndefu, na mwaka 2022 baadhi ya A220 za Air Tanzania ziliegeshwa kwa sababu hiyo. Injini za Q400 ni za kizazi cha nyuma, na mafundi wameshazizoea. Kwa safari ya saa moja na kidogo, jeti inapanda, inatulia kidogo, inaanza kushuka. Faida yake ya mwendo inaishia kwenye dakika chache, na hizo utazipoteza ukisubiri begi.

Najua kuna atakayenikumbusha Bukoba. Novemba 6, 2022 ATR ya Precision Air, nayo ndege ya mapanga, iliingia Ziwa Victoria ikijaribu kutua, watu 43 ndani, 19 wakafariki, na wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Hilo halinitoki akilini kila ninapofunga mkanda. Ila sikubali ligeuzwe kuwa kesi ya mapanga. Jeti nazo huanguka. Kinachoniumiza kichwa zaidi ni ile habari ya Umoja wa Ulaya, uliozuia Air Tanzania kuruka katika anga yake Desemba 2024, kisha mashirika yote ya Tanzania Juni 2025, wakitaja upungufu wa wataalamu na udhaifu wa usimamizi. Kama ni kuogopa, tuogope hapo, kwa wakaguzi na karatasi za karakana.

Huduma? Ya kawaida, watu wana adabu. Tuliondoka kwa wakati, nalo si jambo dogo kwa mtu aliyewahi kukalishwa saa tatu akienda Zanzibar na kampuni nisiyoitaja, kila nikiuliza naambiwa "ndege iko njiani", huku kwenye simu naiona ramani inaonyesha ndege hiyo hiyo imetulia chini mji mwingine. Wapenda ndege ni abiria wabaya. Hatudanganyiki kirahisi.

Kisha Mlima Kilimanjaro. Q400 haipandi zaidi ya futi 25,000, na kwa safari fupi hivi hukaa chini ya hapo, kwa hiyo Kibo, kilele chake kikubwa, huitazami kutoka juu kama ramani. Inakuwa jirani yako. Ilijitokeza juu ya mawingu upande wangu, theluji imebaki vipande vipande, Mawenzi na meno yake kulia. Mama alikuwa amezaliwa chini ya mlima huo na hakuwahi kuuona ubavu huu. Nikambadilishia kiti. Nilijua ninachokipoteza: magurudumu.

Basi nikayatazama kupitia bega lake. Vijimlango vikafunguka chini ya injini, miguu mirefu myembamba ikateremka kama ya korongo anayetua bwawani, ikakaza. Mama akaniuliza ni nini. Nikamwambia ni magurudumu. "Kumbe unayaona!" akasema, akakaa akiyasubiri. Yalipogusa lami vumbi la moshi likaruka, na mapanga yakageuza pembe kwa mlio mzito wa kufunga breki. Hakunishika mkono safari hii.

Kwa anayetaka kujaribu: kabla hujalipa, tazama aina ya ndege kwenye ratiba. Q400 huandikwa DH4, A220-300 huandikwa 223, ATR 72 ni AT7. Kwenda KIA omba dirisha la upande wa kulia. Kurudi Dar, upande wa kushoto, na kama ni asubuhi mapema usilale.