Sensa niliyouziwa Darajani, orijino kwa mdomo

Nasema sensa, si ile ya kuhesabu watu. Ni kidude cha ukubwa wa ukucha, ndani mna utando mwembamba wa nikeli na chuma ambao ukinzani wake hubadilika kwa uga wa sumaku. Nasomesha fizikia skuli, nilitaka wanafunzi waone waya wenye umeme unavyozaa sumaku.

Juzijuzi nikaingia duka moja la Darajani, hapa Unguja, nikaulizia sensa ya aina ya HMC5883L. "Hii hapa sheikh wangu, orijino." Nikataka kijana anijaribie. Loh! Akavuta droo, akatoa sumaku ya spika nzima nzima, akaibandika juu yake. "Unaziona namba zinavyoruka?" Damu ikanipanda. Kitu cha kupimia mikrotesla 1, sumaku dhaifu mno! Si sawa na kutupa gunia la karafuu juu ya mizani ya sonara? Nikamwambia, "Mwanangu, unauvuruga utando huo." Akacheka mbele ya wateja: "Mzee, kama hujui kutumia, dira ya simu inakutosha."

Nikalipa. Ndiyo, nililipa, sikuwa na pengine pa kwenda.

Nyumbani kompyuta ikakiita kwa anwani 1E, namba ambayo HMC5883L huitikia: kimya. Nusu siku nahangaika, mwisho kikaitikia 0D. Kumbe ni QMC5883L, chipu nyingine kabisa. Orijino! Nikabadilisha programu, namba bado zinarukaruka. Waya wa amperi 1 kwa umbali wa sentimita 20 hutoa mikrotesla 1 tu, na dunia yenyewe hapa kwetu ina thelathini na kitu, utaiona vipi? Nikakipa nyota moja kwenye maoni haya, nikaandika msinunue.

Usiku umeme ukakatika. Feni ya mezani, niliyoiweka mwenyewe pembeni kwa sababu ya joto, ikazunguka ikasita, ikasimama. Kompyuta ipo kwenye betri. Namba zikatulia tuli.

Alaa, feni!

Nikachukua betri ya pikipiki na taa ya wati 12, waya wa kurudishia umeme nikaupeleka mbali usije ukaifuta sumaku ya ule wa kwanza. Washa, mikrotesla 1 juu. Zima, chini. Utando nao mzima. Chipu ile hupiga mapigo yake ya umeme yanayounyoosha upya. Nikamwamsha mwanangu aje aone, akaja na simu mkononi, namba zikapotea tena. Nikamfukuza yeye na simu yake.

Basi nimeongeza nyota, sasa nne, zote za kidude. Yule kijana hana hata nusu.