Koki ya maji yanayochemka: nilishatoboa tundu, koki sikuweka

Tundu lilitangulia koki. Fundi wa granaiti alipokuja kukata kaunta ya jiko letu Kigamboni, mashine alikuwa nayo siku ile moja tu, akaniuliza, "Dada, na hili la pembeni nitoboe au niache?" Nikamwambia atoboe. Milimita 35, kulia kwa koki ya kawaida. Sikuwa nimenunua kitu wala kupiga hesabu yoyote. Nilichokuwa nacho ni jiko la dada yangu lililonikaa kichwani.

Dada anaishi Rotterdam, Uholanzi, na mwaka jana nilikaa kwake wiki tatu. Jikoni ana Quooker, koki inayotoa maji yanayochemka papo hapo. Inatengenezwa Ridderkerk, mji ulio jirani naye kabisa, na kule jina limeshakuwa la kila mtu, kama sisi tunavyoita kila tanki la plastiki simtanki. Hufungui kama koki nyingine. Unabonyeza mara mbili, halafu ndiyo unazungusha, ili mtoto asiifungue kwa bahati mbaya. Inakohoa kidogo, inatoa mvuke, kisha maji yanashuka kama matone mengi yaliyochanganyika na hewa, si mkondo mmoja mzito. Kikombe kinajaa kabla hujapata kijiko.

Siri iko chini ya sinki. Kuna mtungi mdogo, wake ni wa lita 3, wenye kuta mbili zilizotolewa hewa katikati, yaani chupa ya chai yenye waya wa umeme. Ndani maji yanakaa kwenye nyuzi kama 108, lakini hayachemki kwa sababu yamebanwa na presha ya bomba. Ukifungua, presha inaachia, nayo yanachemka pale pale mdomoni mwa koki. Wazo hilo lilimjia Henri Peteri mwaka 1970 akiwa anafanya kazi Unilever, walikokuwa wanahangaika na supu ya papo kwa papo. Alijiuliza supu ya papo kwa papo ina maana gani kama maji yake lazima uyasubiri. Mtu wa namna hiyo namwelewa.

Sasa niseme ukweli nilioupuuza tangu siku ya kwanza. Asubuhi yangu ya kwanza kwa dada nilichukua maji ya koki ile, nikatia majani, nikatia maziwa, nikakoroga. Ikawa maji ya rangi. Dada akacheka, akatoa sufuria, akaponda tangawizi, akaweka iliki, akawasha jiko. Chai yetu haichovywi, inapikwa. Koki ile ni ya mtu anayekunywa kikombe kimoja, akaondoka, akarudi saa mbili baadaye kutaka kingine. Dada siku hizi anaishi hivyo. Nyumbani kwangu tuko saba, na chai ni sufuria moja.

Nilirudi Dar na hamu yangu ile ile. Bei yake inaanzia zaidi ya euro elfu moja, kabla hujasafirisha wala kulipa ushuru, lakini nilijiambia kwamba tulishatupa hela nyingi kwenye mambo ya kijinga zaidi. Nikamwita fundi bomba, mzee mmoja aliyetuwekea mabomba tangu nyumba iko kwenye linta. Nikamwamkia, nikamwonyesha picha kwenye simu. Hakuuliza bei. Aliuliza, "Hii inataka presha ya ngapi?"

Nikampigia dada, akanisomea kwenye kitabu cha maelekezo: isipungue bar 2. Mzee akatoka nje, akatazama mnara wa tanki, akarudi anatikisa kichwa. Maji yetu yanashuka kutoka kwenye simtanki, na kila mita 10 za kimo zinakupa bar moja hivi. Kutoka kwenye tanki hadi koki ya jikoni ni kama mita 6, yaani bar 0.6. Ili nipate bar 2 kwa uzito wa maji tu, ningehitaji mnara wa mita 20, sawa na ghorofa sita. Njia nyingine ni pampu ya kusukuma maji, iwake kila mtu anapofungua koki. Pampu nayo inataka umeme, inapiga kelele, na ikifa, hata maji ya kawaida yanaanza kusuasua.

Nadhani kama ningekuwa nakaa ghorofani Upanga au Masaki, kwenye jengo lenye pampu yake, makala hii ingekuwa tofauti.

Jambo la pili ni maji yenyewe. Tuna kisima, na kisima chetu kina chumvi. Birika letu la umeme linaota utando mweupe, mgumu kama chokaa (na ni chokaa kweli), na kila baada ya wiki mbili nachemsha ndani yake maji yenye siki au ndimu, vipande vinabanduka kama maganda ya yai. Birika unaliinamisha, unachungulia, unakwangua. Mtungi uliofungwa chini ya sinki utauchungulia vipi? Unafunguliwa na fundi aliyefundishwa kazi hiyo, na fundi huyo yuko Ulaya. Nikiweka kichujio cha kulainisha maji, vichujio navyo vina mwisho wake, na vya kubadilishia vinatoka huko huko.

Umeme, ajabu, haukuwa tatizo. Wengi niliowauliza walisema, "Utaliwa na LUKU." Nikapiga hesabu. Mtungi mzuri ukiwa umetulia tu unakula wati 10 hivi kulinda joto. Kwa mwezi ni uniti 7 na kidogo. Kwetu elfu kumi inaleta uniti kama 28, kwa hiyo kumbe ni kama shilingi 2,600. Kuchemsha birika zima la lita 1.7 kunakula kama uniti 0.15, shilingi hamsini na kitu. Ila msidanganyike na wanaosema koki inaokoa umeme sana. Lita moja ya maji kufika kuchemka inataka nguvu ile ile, uichemshe kwenye birika, kwenye mtungi au kwenye jiko. Unachookoa ni yale maji ya ziada unayochemsha halafu yakapoa bila mtu kuyanywa, na sisi hayo tunayamimina kwenye chupa ya chai.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Mtu akishakata tamaa ya kitu cha bei mbaya, anaangukia cha bei rahisi. Nikashuka Kariakoo, nikanunua ile koki ya umeme yenye kioo kidogo cha namba, inayofungwa mahali pa koki ya kawaida na kuchomekwa ukutani. Muuzaji akaniambia, "Mama, hii sekunde tatu tu, maji yanachemka." Nilitoa elfu hamsini na tano, nikapanda pantoni nimefurahi.

Haichemshi. Na si kwamba nilipata mbovu. Hesabu ndiyo inakataa. Imeandikwa wati 3000. Nilikinga kwa jagi la lita moja, nikaona inatoa lita 2 kwa dakika. Kwa mwendo huo wati 3000 zinapandisha joto kwa nyuzi 21 tu. Maji yetu yanaingia yakiwa nyuzi 28, kioo kikaandika 49. Ukitaka yatoke yanachemka lazima ubane koki hadi itoe chini ya theluthi moja ya maji yale, uzi mwembamba, na kabla hujafika hapo yenyewe inajizima kwa kukosa msukumo. Jioni, umeme wa mtaa mzima unapolegea, ilikuwa inaandika 43. Maji mazuri ya kuoshea vyombo vya mafuta, sikatai. Kwa kuoshea vyombo ningeipa alama saba kati ya kumi. Ya kunywa, hapana kabisa: maji ya nyuzi 49 hayajaua kijidudu chochote cha maana, na nilimkuta mdogo wangu anakinga kikombe akiamini yamechemka kwa sababu yanatoa kamvuke.

Kilichoniondoa mchezoni ni wiki ya tatu. Nilikuwa naosha sufuria ya chuma, mkono mmoja kwenye sinki, nikasikia mkono unasisimka, kama sisimizi wamepanda ghafla hadi kwenye kiwiko. Nikadhani ni uchovu. Nikagusa tena, tena ikanipiga. Fundi umeme alipokuja akachomoa plagi kwanza, akanionyesha: mguu mmoja umegeuka kahawia na plastiki imeanza kulainika. Wati 3000 ni kama ampea 13, ndiyo mwisho kabisa wa soketi yetu, na waya uliokuja na ile koki ulikuwa mwembamba kuliko wa pasi. Halafu akafungua soketi. Waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, ulikuwa umekatwa na kukunjwa nyuma, haujafungwa popote. Kosa hilo lilikuwa la fundi aliyejenga, si la koki. Lakini maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko maji matamu, na mimi nilikuwa nimesimama pekupeku kwenye sakafu yenye maji.

"Shukuru Mungu dada," akasema, akaendelea kufungua screw.

Kwa hiyo anayeniuliza leo aweke au asiweke, mimi namrudishia maswali ya mzee wa bomba. Maji yako yana presha? Ni matamu? Umeme ukikatika saa nne asubuhi, chai ya saa tano utapata wapi? Akinijibu vizuri yote, na hela anayo, basi Quooker na wenzake ni mashine nzuri, nimeitumia kwa mikono yangu na sina baya la kuisema. Na akitaka ile ya Kariakoo kwa ajili ya vyombo, aite fundi kwanza: ethi iliyopimwa, waya mnene wa peke yake kutoka kwenye meinswichi, na kifaa cha kukata umeme unapovuja. Gharama ya hayo ilizidi bei ya koki yenyewe, nikaona basi.

Nilichobaki nacho ni birika la umeme na chupa ya chai mbili, moja ya lita 3. Saa kumi na moja alfajiri naweka birika, likizima namimina. Kabla ya kutia maji ya moto nasuuza chupa kwanza kwa maji ya moto kidogo, mama ndiye aliyenifundisha, na inaleta tofauti: nikiyapima saa sita mchana bado yanaunguza ulimi. Uji wa mama, dawa yake ya mafua, maji ya kumchanganyia mtoto ya kuoga, vyote vinatoka humo. Siku TANESCO wakikata, hatujui hadi tunapowasha taa.

Tundu bado lipo. Niliomba fundi wa granaiti anipatie kizibo akanitajia bei kama anauza kaunta nyingine. Sasa hivi limesimamishwa chupa ya sabuni ya maji, imekaa vizuri kama ilipimiwa. Wageni wanauliza nimeinunua wapi.