Ziara ya Waanglo-Saksoni kule Suffolk: nimelipa, nikajibiwa ovyo

Jina la kampuni silitaji. Ila kama uko Uingereza na umeona tangazo la ziara ya siku moja kuhusu biashara enzi za Waanglo-Saksoni, wale watu wa Uingereza ya kale, nisome kwanza kabla hujatoa hela.

Biashara yenyewe hatukuiona. Asubuhi nzima tulisimamishwa Sutton Hoo, penye makaburi yao, tukielezwa kofia ya vita, tena ya kuigiza, maana yenyewe iko London. Sikatai, meli ya kaburi aliyoifukua mwanaakiolojia Basil Brown mwaka 1939 ni maajabu, na zile sarafu 37 za dhahabu za Wafaranki, watu wa Ufaransa ya kale, zinaonyesha mwenye kaburi alijulikana ng'ambo. Lakini hazina ya mfalme si soko. Huenda alipewa zawadi tu.

Nikauliza: vyungu vya kale vya mji wa Ipswich tutaviona saa ngapi? Mwongozaji akanijibu mbele ya watu, hata hakunitazama: "Vigae vya vyungu vya jikoni havina hadithi, mama."

Havina hadithi! Kuanzia kama mwaka 720 hadi 850 hivi, wafinyanzi wa Ipswich walitumia gurudumu la kuzungusha taratibu na kuchoma vyungu kwenye tanuri, wakati karibu kwingine kote Uingereza watu walifinyanga kwa mkono mtupu. Ndiyo maana kigae chao hakijifichi: kijivu, kigumu, kina chembe za mchanga. Kikiibuka katika kijiji cha ndani huko Norfolk, au London, au York, kinajulikana kimetoka wapi. Kuna mtu alikisafirisha, kuna mtu alikipikia. Ushahidi gani tena wa biashara ya mikoani unautaka?

Nilikuwa nishaamua nyota moja. Alasiri tukapita kwenye makumbusho madogo, dada wa zamu akasikia ninavyolalamika, akanitolea kipande cha bega la chungu nikishike. Kizito kuliko nilivyodhani. Mifereji imelizunguka bega lote, unaipitisha kidole unafuata mkono wa fundi wa miaka 1,200 iliyopita. Hasira zikaniisha, nikasema basi, nyota nne. Alikuwa anaanza kunionyesha jiwe la kusagia la volkano lililovushwa bahari kutoka Ujerumani, mwongozaji akaingia akipiga makofi: basi linaondoka, atakayebaki shauri yake.

Nyota moja, na hiyo ni ya yule dada. Nimewaandikia wanirudishie pesa zangu, mpaka sasa kimya.