Uzoefu wangu na StoryGraph: mwaka mzima wa kuhesabu kurasa hapa Lamu

Anayejiwekea lengo la kusoma kwa mwaka huanza na idadi: vitabu 12, vitabu 24, vitabu 50. Kwangu mimi idadi ni swali la pili. La kwanza ni hili: unahesabu nini? Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 katika visiwa vyetu hivi, una beti mia moja na kidogo tu. Ukichapwa peke yake ni kijitabu cha kutia mkobani. Riwaya ya kurasa 500 ni kitabu kimoja, na utendi ule nao ni kitabu kimoja. Mtu akifika Novemba bado anadaiwa vitabu vinane, mkono wake hauendi kwenye riwaya. Ataokota vyembamba vyembamba mpaka hesabu itimie, na ile riwaya aliyoitamani tangu Januari itabaki rafuni ikingoja mwaka mwingine.

Ndiyo maana nimeipenda StoryGraph, programu ya kuweka hesabu ya vitabu unavyosoma, na nimekaa nayo mwaka mzima. Ukiweka lengo, unachagua kama utahesabu vitabu, kurasa au saa. Saa ni kwa wanaosikiliza vitabu vya sauti. Mimi nilichagua kurasa, na kuanzia siku hiyo unene wa kitabu ukaacha kunitisha. Kila ukurasa niliousoma ulihesabiwa, hata wa kitabu ambacho sijakimaliza.

Kwa wasioijua, StoryGraph ilianzishwa mwaka 2019 na Nadia Odunayo, mhandisi wa programu wa Uingereza. Inatumika kwenye simu na kwenye kivinjari. Wasomaji wengi wa mtandaoni walianzia Goodreads, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, iliyofunguliwa mwaka 2007 na kununuliwa na Amazon mwaka 2013, na mimi ni mmoja wao. Kuhama hakukunipa taabu. Goodreads inakuruhusu kupakua orodha yako yote katika faili moja, nawe unaiingiza StoryGraph ilivyo. Kazi hiyo ifanyie kwenye kompyuta ukiweza, maana skrini ya simu ni ndogo. Ukishaingiza faili, vitabu vyako vya zamani vinakuja na tarehe zake na nyota ulizovipa.

Lengo langu lilikuwa kurasa 6,000. Gawanya kwa siku 365, unapata kurasa 16 na ushei kwa siku. Ni kiasi cha kusomeka kati ya Alasiri na Magharibi, wakati duka langu pale Langoni limetulia na wateja wa kutoa fotokopi wamekwisha kwenda zao. Lakini mwaka wetu hauendi kwa mizani hiyo. Ramadhani mchana nina kazi na usiku nina tarawehe, na saa inayobaki ni ya kulala. Kwa hiyo niliutoa mwezi mzima kwenye hesabu tangu mwanzo. Kurasa 6,000 kwa siku 335 ni kama 18 kwa siku, na namba hiyo ndiyo niliyoifuata. Nilipofika Shaabani nilijua nimesimama wapi, na Ramadhani ilipoingia sikuwa na deni la kurasa kichwani.

Jambo hili nawasisitizia Waislamu wenzangu wanaoweka malengo, kwa sababu ushauri mwingi unaopatikana umeandikwa kana kwamba miezi 12 yote ni sawa. Ramadhani husogea nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa Januari hadi Desemba. Mwaka 2030 inatarajiwa kuingia mara mbili, mapema Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Mwenye kupanga na aangalie kalenda zote mbili. Hapa Lamu ongeza na majuma ya Maulidi, nyumba ikijaa wageni hadi ukumbini. Siku hizo kitabu hakifunguliwi na hakuna ubaya.

Niliulizwa kama nilitia Msahafu kwenye hesabu. Msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604, na anayehitimu mara moja kwa Ramadhani angekuwa ameshafika sehemu ya kumi ya lengo langu. Sikuutia, wala sitautia. Ile ni ibada na ina daftari lake lisiloandikwa na mimi. Lengo nililoliweka ni la kusoma kwa ajili ya elimu na raha ya nafsi, na grafu zake ni za hilo tu. Mwingine anaweza kuona vingine, ila aamue kabla ya mwezi kuandama.

Kuhesabu kurasa nako kuna mpaka wake, na mpaka huo ni mashairi. Ukurasa mmoja wa utendi unaweza kunichukua jioni nzima, hasa ukiwa na maneno ya Kiamu cha zamani ambayo hata sisi wenyeji hatuyatumii tena. Kwa maneno hayo namtegemea shangazi yangu, ambaye tendi anazo kifuani na hahitaji kitabu. Siku moja nilikuwa namsomea, naye akinisahihisha mahali pa kuvuta sauti. Aliponiona nachukua simu kuandika ukurasa tuliofikia, akauliza.

"Mwanangu, hiyo simu yako yahesabu na haya nisomayo mimi kwa moyo?"

"La, shangazi. Yahesabu nilichokishika mkononi."

"Basi yahesabu nusu."

Alisema kweli, nami nikatafuta namna ya kuiandika ile nusu ya pili. StoryGraph ina sehemu ya kuandika maelezo kila unapoonyesha ukurasa uliofikia. Mara nyingi watu huandika pale walivyopendezwa au kuudhika. Mimi kwa mashairi naandika beti nilizozihifadhi na maneno niliyofafanuliwa, pamoja na jina la aliyenifafanulia. Ukirudi baadaye, maelezo yote yamepangika kwa tarehe, chini ya kitabu kile kile. Kwangu sehemu hii imekuwa na thamani kuliko grafu zote. Kurasa za utendi ule ni chache mno kwenye jumla ya mwaka, lakini maelezo yake ni marefu kuliko ya riwaya yoyote niliyosoma.

Sasa nije kwenye jambo ambalo msomaji wa Kiswahili atakutana nalo siku ya kwanza, nalo ni kukiingiza kitabu. Njia ya haraka ni kuielekeza kamera ya simu kwenye mistari myeusi iliyo nyuma ya jalada. Simu inasoma ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu yenye tarakimu 13. Igeuze nyuma diwani au riwaya yoyote uliyonayo uitazame. Ukiona 978 ikifuatwa na 9966, mchapishaji wake ni wa Kenya. Ukiona 9976 au 9987, ni wa Tanzania. Hapa Kenya namba hizi hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Vitabu vingi vilivyochapwa kabla ya 2007 vina namba ya tarakimu kumi. Usiibandike tu 978 mbele yake ukadhani umemaliza, kwa sababu tarakimu ya mwisho hupatikana kwa kukokotoa zile zilizotangulia, na zikibadilika nayo hubadilika. Iandike kama ilivyo, zote kumi.

Vijitabu vya kaswida na mashairi vilivyochapwa na watu wenyewe havina namba kabisa. Hivyo unaviingiza kwa mkono: jina, mwandishi, lugha, idadi ya kurasa. Ni kazi ya dakika chache kwa kila kimoja. Tafadhali ifanye vizuri, kwa sababu utakachokiandika ndicho atakachokikuta msomaji mwingine akikitafuta kitabu hicho. Weka jina kamili la mtunzi, andika lugha kuwa Kiswahili, na ukihesabu kurasa zihesabu kweli. Nimejitahidi sana hapo. Naona ni njia ndogo ya kuhakikisha kwamba vitabu vyetu vinaonekana mahali ambapo watu wa dunia nzima wanatafuta cha kusoma.

Kuna kusoma kwingine ambako hakuna programu itakayokuhesabu, na ni sawa. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, hapa kwetu, ilipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, na picha zake zinatazamika mtandaoni. Nimeketi na baadhi ya picha zile kwa muda mrefu. Hazina jalada wala ISBN, na kurasa zake nyingine zimeliwa na wadudu. Hizo nimeziandika kwenye kaunta buku yangu ya dukani.

Suala la tafsiri nalo lilinipa la kufikiri. Mwaka huu nilisoma *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022 ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Kisha nikasoma ile ya asili ya Kiingereza, iliyotoka 1994. Je, ni kitabu kimoja au viwili? Programu za namna hii huweka tafsiri na asili chini ya kazi moja, kama matoleo mawili. Unachagua toleo uliloshika, na idadi ya kurasa inafuata toleo hilo. Mimi niliandika kwamba nimekisoma mara mbili, kila mara na toleo lake. Kwa mwenye kuhesabu kurasa, tatizo limekwisha. Kwa mwenye kuhesabu vitabu, hapo pana mjadala, na binafsi ningesema ni viwili. Aliyesoma riwaya ile kwa Kiswahili amesikia watu wakizungumza kwa lugha ambayo wangezungumza kweli.

Ukimaliza kitabu, unaulizwa maswali: kinakwenda kwa kasi au polepole, kinaendeshwa na matukio au na wahusika, kimekuachia huzuni, matumaini au tafakuri. Nyota unaweza kuzitoa hadi robo, wakati Goodreads hutoa nyota nzima tu. Mwanzoni niliona robo ya nyota ni jambo la watu wasio na kazi. Baadaye nimeipenda, kwa sababu kati ya kitabu kizuri na kizuri sana pana nafasi kubwa. Kwa tendi na mashairi maswali ya matukio na wahusika nayaruka, kwa kuwa hayahusu. Unaruhusiwa kuyaacha wazi.

Inakubali pia kwamba kitabu umekiachia njiani, na inakiweka mahali pake bila kukihesabu kuwa umekisoma. Kurasa ulizosoma kabla ya kukiacha zinabaki zako. Kwa watu tuliofundishwa shuleni kwamba kuacha kitabu ni uvivu, hilo ni jambo la kukumbatia.

Lakini kitu kilichosaidia nyumba nzima ni lebo. Unaweza kujitungia lebo zako mwenyewe na kuzibandika kwenye kitabu chochote. Hapa kitabu hakikai kwa mwenyewe. Kikifika kutoka Mombasa kwa basi hadi Mokowe na kuvuka kwa boti, kabla hujakifungua kuna binamu amekwisha kukiombea zamu. Kinakwenda Mkomani, kinapita Shela, na baada ya miezi hakuna ajuaye kipo kwa nani. Sasa kila kitabu kinachotoka kwangu kina lebo ya aliyekichukua. Nina lebo nyingine ya vitabu vya kuanikwa. Hewa yetu ya chumvi na unyevu huleta ukungu kwenye karatasi, hasa majira ya mvua za masika, na kitabu kilichosahauliwa kabatini kinatoka na madoa ya rangi ya kahawia pembeni. Nikifungua lebo ile najua vipi vya kutoa, kuvipangusa kwa kitambaa kikavu na kuviweka penye upepo, mbali na jua kali.

Kuhusu gharama: kutumia ni bure. Upo mpango wa kulipia wenye takwimu za ziada, na mimi sijauhitaji. Kwa kuandika ukurasa niliofikia mara moja kwa siku, bando langu la kawaida linatosha. Ukitaka wasiokujua wasione unachosoma, funga ukurasa wako kwenye mipangilio kabla hujaanza kuujaza.

Mwenye kusoma vitabu vitatu au vinne kwa mwaka, na ana kumbukumbu nzuri, hana haja ya programu, kaunta buku itamtosha. Mwenye vitabu vingi vinavyozunguka mikononi mwa jamaa, au anayesoma Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza kwa pamoja, nampendekezea aijaribu. Aanze na lengo la kurasa na aondoe Ramadhani. Mwaka ujao naliacha lengo pale pale kwenye 6,000, ila nataka nusu yake ziwe za Kiswahili, na lebo ya kufuatilia hilo nimekwisha kuitengeneza.