Uzoefu wangu na usbipd-win: kuingiza vifaa vya USB kwenye WSL 2

Ukichomeka bodi ya ESP32 (bodi ndogo ya kielektroniki unayoiandikia programu) kwenye laptopu ya Windows, Windows huiona papo hapo, tuseme kama COM5, yaani poti ya siriali namba 5. Ukifungua Ubuntu iliyo ndani ya WSL 2 (njia ya kuendesha Linux ndani ya Windows) na kuandika `ls /dev/ttyUSB*`, hupati kitu. WSL 2 ni mashine pepe yenye kerneli yake kamili ya Linux, na mashine hiyo haizifikii poti za USB moja kwa moja. usbipd-win, programu huria ya Frans van Dorsselaer, ndiyo inayoziba pengo hilo. Upande wa Windows inafanya kazi kama seva: inakishika kifaa na kukipitisha kwa itifaki ya USB/IP, kupitia TCP namba 3240, hadi kwenye draiva ya vhci_hcd upande wa Linux. Naitumia kwa bodi za ESP32, Arduino na vigeuzi vya siriali. Kwa kazi hizo naipa alama za juu kabisa. Kwa flashi na kamera, hapana.

Kuiweka ni amri moja kwenye PowerShell: `winget install --exact dorssel.usbipd-win`. Ikimaliza, funga dirisha ufungue jipya, la sivyo amri ya `usbipd` haitatambuliwa. Kabla ya hapo piga `wsl --update`, kisha `wsl -l -v` uone kama safu ya VERSION inasomeka 2, maana kwenye WSL 1 haifanyi kazi kabisa. Maelekezo mengi yaliyozagaa mtandaoni ni ya zamani: yanakuambia uandike `usbipd wsl attach` na uweke kifurushi cha linux-tools ndani ya Ubuntu. Tangu toleo la 4.0.0 amri zimebadilika na kifurushi hicho hakihitajiki tena.

Anza na `usbipd list`. Utaona mstari kama huu:

`4-2    10c4:ea60    Silicon Labs CP210x USB to UART Bridge (COM5)    Not shared`

Hiyo 4-2 inataja tundu ulilochomekea, kwa hiyo ukihamishia waya tundu jingine namba nayo inabadilika. 10c4:ea60 ndicho kitambulisho cha chipu yenyewe. Bodi za bei nafuu mara nyingi hubeba CH340, ambayo husomeka 1a86:7523. Sasa, kwa PowerShell iliyofunguliwa kama msimamizi:

`usbipd bind --busid 4-2`

Halafu, kwa dirisha la kawaida, huku terminali ya Ubuntu ikiwa wazi:

`usbipd attach --wsl --busid 4-2`

Tofauti ya amri hizi mbili ndiyo inayowachanganya wengi. Bind hufanywa mara moja tu na hudumu hata ukizima kompyuta. Attach hupotea kila unapochomoa waya, unapowasha kompyuta upya au WSL inapozimika, na itabidi uirudie. Na kifaa kikishaingia Linux, kinatoka Windows: COM5 inatoweka, na Arduino IDE ya upande wa Windows haitakiona mpaka upige `usbipd detach --busid 4-2`.

Upande wa Ubuntu, `lsusb` (kifurushi cha usbutils) ionyeshe kifaa, na `dmesg | tail` iishie na maneno `cp210x converter now attached to ttyUSB0`. Kama lsusb inakiona lakini ttyUSB0 haipo, draiva haijapakiwa. Kwenye kerneli za WSL za 6.6 draiva nyingi ni moduli, basi ipakie mwenyewe: `sudo modprobe cp210x`, au `ch341` kwa CH340, `ftdi_sio` kwa chipu za FTDI, `cdc_acm` kwa Arduino Uno halisi, ambayo huonekana kama ttyACM0. Ukikutana na "Permission denied", jiongeze kwenye kundi: `sudo usermod -aG dialout $USER`, kisha `wsl --shutdown` na uingie upya. Usizoee kuendesha esptool (programu ya kuandikia bodi za ESP32) kwa sudo. Itakuachia mafaili ya root ndani ya mradi wako, na yatakusumbua baadaye.

Bodi zenye USB ndani ya chipu yenyewe, kama ESP32-S3, zinahitaji uangalizi zaidi. Zikijiwasha upya, USB nayo hukatika, na attach inaondoka nayo. Hapo ongeza `--auto-attach` mwishoni mwa amri na uliache dirisha hilo wazi. Kifaa kitarudishwa kila kikitokea. Arduino Leonardo ina ugumu wake: ikiingia kwenye hali ya kupokea programu hubadilisha kitambulisho kutoka 2341:8036 kuwa 2341:0036, na kwa usbipd hicho ni kifaa kingine, kinachotaka bind yake. Una kama sekunde 8 tu, hivyo andaa amri kabla ya kubonyeza kitufe cha reset. Raspberry Pi Pico usiisumbukie: nakili faili la UF2 (programu ya bodi) kutoka Windows.

Ukiambiwa kifaa kinatumiwa na Windows, kwanza funga programu inayoshikilia ile COM. Kwa simu ya Android mhusika huwa ni adb ya Windows, programu ya kuwasiliana na simu. Piga `adb kill-server`. `bind --force` iwe njia ya mwisho, kwani baada yake Windows hairudishiwi kifaa kwa detach pekee. Lazima `usbipd unbind`. Ila kama umeweka USBPcap, kinasa-data cha USB kinachokuja pamoja na Wireshark, `--force` haikwepeki.

Attach ikigoma bila sababu, itazame faiawoli, mlinzi wa mtandao. Programu ya usbipd hujiwekea kanuni yake kwenye faiawoli ya Windows, lakini antivairasi ya nje au sera za kompyuta za ofisini zinaweza kuipuuza na kuziba poti ya 3240.

Kasi? Kwa biti 115200 kwa sekunde sioni tofauti. Kuandika ESP32 kwa 921600 hukatika mara mojamoja, nami huipa esptool `-b 460800`. Kwa FTDI zenye mazungumzo ya pakiti fupifupi, andika 1 ndani ya `/sys/bus/usb-serial/devices/ttyUSB0/latency_timer`. Thamani ya kawaida ni 16, yaani milisekunde 16 za kusubiri.

Flashi haina haja ya haya yote. Iache Windows, na kama ni E:, ndani ya Ubuntu andika `sudo mkdir -p /mnt/e` kisha `sudo mount -t drvfs E: /mnt/e`. Ila kama ina ext4 (mpangilio wa mafaili wa Linux), njia hiyo haifai. Itabidi uipitishe kwa usbipd, na kwanza hakiki kwa `zcat /proc/config.gz | grep USB_STORAGE` kama kerneli yako inaiunga mkono.