Jaji wa kudumu na jaji wa muda

Jaji wa kudumu hulipwa mshahara, hafanyi kazi ya uwakili, na hubaki kitini hadi astaafu, isipokuwa aondolewe kwa utaratibu wa kisheria. Jaji wa muda, kama rekoda wa Uingereza na Wales, hulipwa kwa siku anazoketi, na siku nyingine anaweza kuendelea na uwakili wake.

Kwa gharama, wa muda ana nafuu: huitwa mashauri yanaporundikana. Kesi ndefu humfaa zaidi wa kudumu, kwani ikiahirishwa katikati ya ushahidi, mwenzake wa muda huenda siku ya kuiendeleza akawa mahakama nyingine akimtetea mteja.

Penye uzito hasa ni uhuru wa mahakama. Huko Scotland, mwaka 1999, Mahakama Kuu ya Jinai iliamua katika kesi ya Starrs dhidi ya Ruxton kwamba masherifu wa muda (sherifu huko ni jaji wa mahakama ya chini) hawakuwa mahakama huru, kwa kuwa uteuzi wao wa mwaka mmoja mmoja ulitegemea kwa sehemu kubwa Lord Advocate, ambaye ndiye pia mkuu wa mashtaka. Kwa maoni yangu, kasoro haikuwa kuketi siku chache, bali mkataba mfupi ulioshikwa na upande wa mashtaka. Ndiyo maana sheria ya mwaka 2000 ilifuta masherifu hao wa mwaka mmoja mmoja, lakini haikufuta kazi ya kuketi siku chache, bali iliipa uteuzi wa miaka mitano na kinga dhidi ya kuondolewa ovyo. Mgongano wa maslahi ni suala jingine: jaji wa muda ambaye kama wakili hutetea kampuni ya bima hana budi kujitoa, shauri la kampuni hiyo linapofika mezani pake, jambo ambalo jaji wa kudumu hukumbana nalo mara chache zaidi.