Programu ya kulea kampuni changa: walezi wazuri, mkataba mkali

Nilijiunga na programu hii nikiwa na kampuni yetu ndogo inayouza mfumo wa kufuatilia bidhaa stoo. Nianze na sifa: walezi wanaijua kazi. Mama mmoja aliyewahi kuanzisha kampuni yake na kuiuza alikaa nasi hadi usiku akipekua hesabu zetu mstari kwa mstari, mpaka tukajua tunaweza kulipa mishahara kwa miezi mingapi bila mteja mpya. Ada yote ilirudi pale.

Mkataba sasa! Kifungu kimoja kilimpa mwekezaji haki ya kurudishiwa fedha zake mara mbili kampuni ikiuzwa, kabla sisi waanzilishi hatujagusa hata senti. Tulibishana hadi wakashusha iwe mara moja. Nenda na wakili wako mwenyewe, si wa kwao.

Fedha za programu ni za serikali, na kasoro kubwa iko hapo. Mwaka 1993 Israel ilianzisha Yozma, mpango wa serikali wa kuwekeza katika kampuni changa, kwa dola milioni 100, ikaweka fedha nyingi kwenye mifuko ya uwekezaji iliyoendeshwa pamoja na wawekezaji binafsi, waliopewa haki ya kununua hisa za serikali katika mifuko hiyo baadaye. Walikuwa na sababu ya kuchagua vizuri. Huku afisa anayechagua hapati wala hapotezi kitu, basi wenye slaidi za kupendeza ndio wanaopita.

Intaneti ni ya kasi, kahawa haifai.

Nyota tatu kati ya tano. Ya nne nitaiongeza wakiweka mkataba hadharani kabla mtu hajajaza fomu.